Udongo wa Nyuma ya Nyumba

Goma, njia ya Sake
Jioni, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Kavira,

Niko nyuma ya nyumba, nimekaa juu ya bidoni tupu ya maji, daftari liko juu ya goti. Jua bado lina nguvu kidogo upande wa Sake. Mama yako yuko ndani na valizi yako ya nguo. Ameifungua na kuifunga mara nne sasa, na kila mara anatoa kitu kimoja na kuingiza viwili. Yote ya pasipoti, ya chakula, ya sala na ya watu wa kuwakwepa amekwisha kukuambia, na alilolisahau atakuita kwa telefone kabla hujafika Kigali. Hayo siyagusi. Mimi nina neno moja tu, nimelikalia miaka kumi na moja. Naliweka kwenye karatasi kwa sababu mdomo wangu unaujua: unaanza vizuri, halafu unakimbilia kwenye mzaha.

Hata sasa hivi ameniita kutoka dirishani.

"Papa Kavira! Koti yako ya kijivu iko wapi? Kesho utasindikiza mutoto na hii shati?"

Nimemjibu kwamba sijui. Najua vizuri sana, lakini tutafika huko.

Jumapili, tulipotoka misa, nilikusikia ukiongea naye. Mlikuwa mnaosha sahani, na mimi nilikuwa nimejinyoosha upande wa pili wa ukuta wa mbao, mkadhani nimelala. Ulikuwa umepata ujumbe kutoka Le Cap, chini kabisa ya Afrika ya Kusini, kutoka ile bustani ya mboga iliyokukubali kwa mwaka mmoja. Walikuandikia kwamba utafika wakati mzuri, maana ndipo wanapoanza kupanda mboga za majira ya baridi, na kwamba pale karibu na bahari baridi yao ni ya upole, haiui miche. Halafu wakaongeza kwamba udongo wao ni mchanga mtupu, maji yakimwagwa yanapotea. Nilingoja kusikia ukifurahi. Badala yake ulisema kwa sauti ndogo:

"Mama, mi niko naona heri nibakie. Kule bantu wamesomea udongo. Mi najua majiwe tu. Ile yangu ilikuwaka muchezo."

Mama yako alikukemea, na tangu siku hiyo unakunja nguo zako kama mtu anayepelekwa mahali kwa nguvu. Mimi nilibaki pale nikiangalia bati. Hilo neno mchezo nilikuwa nalijua. Nililisema mimi, na wewe ulikuwa na miaka kumi na mitatu.

Nianze na ujinga wangu, maana ndio mrefu zaidi. Unajua kwamba nimezaliwa Lubero, juu kule, ambako asubuhi mtu akiongea mvuke unamtoka mdomoni. Kule ukichimba unachimba mpaka uchoke, bado ni udongo. Marehemu mama yangu alikuwa na mashu, kabichi kama wanavyosema wengine, makubwa mpaka mtoto angeweza kukalia moja. Alikuwa na poaro, vile vitunguu vya majani vyenye shingo nyeupe ndefu, na petipua, yaani njegere, zinazopanda juu ya vijiti. Nilikua nikiamini kwamba udongo ni kitu kinachokuwepo tu, kama hewa. Halafu biashara ya viazi ikanileta Goma, nikaoa, tukapata hii parsele, kiwanja hiki, na humo ndani mlikuwa na majiwe meusi kutoka ukuta mpaka ukuta. Mlima wa moto ulikuwa umepita hapa kabla yetu.

Nilidharau. Nilisema watu wa huku hawalimi, wanapanga majiwe. Nilinunua nyundo kubwa nikavunja juma zima, nikitafuta udongo chini. Chini ya jiwe kulikuwa na jiwe. Majirani walikuja kutazama, na mmoja akaniuliza kwa heshima kabisa kama nachimba choo. Nikaitupa nyundo, nikatangaza kwamba mboga tutanunua sokoni kama watu wengine.

Wewe hukudharau kitu. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, labda kumi na miwili. Uliona kwamba pale mama yako anapomwaga majivu na maganda, gunia kuukuu lilikuwa limeziba ufa kati ya majiwe mawili, na juu ya lile gunia lenga-lenga, mchicha wetu, ilikuwa imeota yenyewe, na majani mapana. Watu wazima wa nyumba hii tulipita pale kila siku. Hakuna aliyejiuliza kwa nini inaota hapo na haioti hatua mbili kando. Wewe uliinua ncha ya gunia, ukaangalia chini yake, ukalirudisha polepole. Nilikuona, na nilidhani unatafuta mjusi.

Kuanzia hapo, kila mara ulipotumwa upande wa ziwa la Lac Vert ulirudi na beseni la udongo wa mteremko kichwani. Lakini hukuumwaga. Kwanza uliziba nyufa. Uliziba kwa matambara, magunzi, vipande vya mgomba, mifuko iliyochanika, na suruali yangu moja ambayo mpaka leo nadai haikuwa kuukuu. Juu ya matambara ukapanga vijiwe vidogo, juu ya vijiwe majivu na maganda, na udongo ukaja mwisho kabisa. Mimi nilikuwa nikikutania mbele ya watu. Nilisema binti yangu halimi, anatandika kitanda cha mgeni.

Ilikuchukua zaidi ya mwaka. Kitalu chako kilikuwa na ukubwa wa mlango wa nyumba, lakini kilikuwa na udongo mweusi, laini, wenye minyoo. Minyoo juu ya majiwe ya volkano! Hata sasa sijui ilitoka wapi. Na kila jirani aliyesimama kushangaa aliondoka na mche mkononi, hata kama hakuuomba.

Ndipo kaka yangu mkubwa alipopiga simu kutoka Lubero kusema anashuka Goma baada ya majuma matatu. Sasa sikia ubaya wa baba yako. Kwa miaka nilikuwa nikimwambia kwenye telefone kwamba na mimi huku nina bustani, nina poaro kama za mama. Yeye alibaki kwenye shamba la baba yetu, mimi nikaondoka kwa maringo, na mtu aliyeondoka kwa maringo hapendi kuonekana kwamba amefika kwenye majiwe. Nilihitaji bustani. Nilihitaji ionekane mbele ya nyumba, pale mgeni anapoingilia.

Siku hiyo ulikuwa shuleni. Nilichukua koleo nikachota udongo wote wa kitalu chako, mpaka nikagusa matambara. Nikaumwaga mbele, nikautandaza vizuri juu ya majiwe, nikapanda miche ya poaro niliyotoka kuinunua. Sikuziba ufa hata mmoja. Mtoto wa Lubero azibe nini? Kwetu udongo unakaa mahali unapouweka.

Ulirudi na mfuko wa shule mgongoni. Ulisimama nyuma ya nyumba muda mrefu, halafu ukaja mbele.

"Papa, udongo yangu..."

"Iko pahali inafaa sasa," nikakujibu. "Kule nyuma ilikuwa muchezo ya batoto."

Hukulia. Ningependa ungelia; ningekukaripia na jambo lingeishia hapo. Ulivua viatu vya shule, ukavipanga mlangoni, ukachukua beseni lako ukaenda. Mama yako hakuniongelesha mpaka siku ya pili, na mimi nilijifanya sioni sababu.

Mvua ilingoja karibu majuma matatu, mimi nikitamba kila asubuhi mbele ya poaro zangu. Halafu ikaja ile mvua ya Goma inayopiga bati mpaka watu mnaongea kwa mikono. Kulipokucha nilitoka nje nikakuta poaro zimelala juu ya majiwe matupu, mizizi inaangalia juu. Udongo wako wa mwaka mzima ulikuwa umeshuka kwenye nyufa, umeenda chini ambako mkono wa mtu haufiki. Nilichukua fimbo nikaiingiza kwenye ufa. Mtu mzima mwenye ndevu, anatafuta udongo kwa fimbo.

Kaka alifika siku mbili baadaye. Nilivaa koti langu la kijivu, lile la wakati wa biashara, nikamkaribisha kwa kelele nyingi na kumpitisha haraka kwenye yale majiwe. Lakini yule ni mkulima. Aliomba kwenda chooni, akapita nyuma, na hakurudi. Nilipomfuata nilimkuta amechuchumaa kando ya mgomba. Katika yale majuma ulikuwa umeanza kitalu kingine, kidogo, cha ukubwa wa ungo, na mimi sikuwa hata nimekiona. Palikuwa na lenga-lenga, kutoka kwa jirani mmoja uliyempa mche zamani, naye akakurudishia. Na kando yake zilisimama poaro nne. Zilikuwa zangu, uliziokota mvua ilipokwisha.

Tulikuwa tunaongea Kinande, mimi na yeye. Aliniangalia akauliza, "Nani amelima hapa juu ya majiwe? Huyu anajua kazi."

Na mimi, Kavira, nikajibu, "Ni mimi."

Nilipogeuka ulikuwa umesimama mlangoni na sinia ya chai. Ulikuwa umesikia. Nilingoja useme. Ungekuwa na haki, na mimi ningekuwa nimekwisha mbele ya kaka yangu. Uliitua sinia juu ya jiwe, ukampa kikombe chake kwa mikono miwili, ukamwambia:

"Ndiyo, papa mukubwa. Ni papa ndiye ananifundishaka."

Miaka kumi na moja naishi na hicho kikombe cha chai. Niliona haya, sana, lakini nilichokiona zaidi ni kwamba ndani ya nyumba yangu kulikuwa na mtu mkubwa kuliko mimi, naye alikuwa amevaa sketi ya shule. Sikukuomba msamaha. Nilijiambia kesho, na kesho ikaja na kazi zake. Kuchota udongo wako kulinichukua asubuhi moja tu. Kunyamaza ni kazi niliyoifanya kila siku tangu hapo, na hili ndilo ninalotaka ubebe: ukimkosea mtu huko uendako, usingoje kupata maneno mazuri. Tumia yale mabaya uliyo nayo, mapema. Mimi niliyangoja mazuri mpaka ukakata tiketi.

Unaona nilivyoharibu. Lile neno langu la mchezo lilikwenda likakaa ndani yako, likangoja kimya, na Jumapili likatoka kupitia mdomo wako mwenyewe. Kwa hiyo nisikilize sasa, maana mimi niliyelisema ndiye ninayepaswa kuliondoa.

Angalia ulichofanya kwenye parsele hii. Vitalu tisa, na hakuna kinachovuja. Kiangazi, miezi ile ambayo hata majani ya mgomba yanakunjika, ulipanda chini ya ukuta, upande ambao jua linachelewa, ukafunika udongo kwa majani makavu, na kila tone la kuoshea mchele au kunawia mikono likaenda kwenye mizizi. Nilikuona ukimfuata mgeni na beseni kwa sababu alitaka kumwaga maji ya kunawa barabarani. Mgeni yule alikuwa padri.

Na ile miezi ya vita barabara ya Sake ilipofungwa, na mashu ya Masisi hayakufika sokoni, nani alitulisha? Ulikataza mtu kung'oa hata mmea mmoja. "Muchune majani ya inje, muache moyo," ulisema, na uliwasemesha hata wazee, nao wakatii. Tulikula kutoka mimea ileile juma baada ya juma, sisi na nyumba tatu za jirani. Yule mama aliyefika na watoto wake kutoka kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, na godoro kichwani, hajui mtu hata mmoja hapa, ulimpa mfuko wa udongo na miche sita kabla hujamuuliza jina lake. Udongo, Kavira. Kitu ambacho mimi nilikuibia, wewe unakigawa. Nilikuwa nimesimama mlangoni siku ile, na nilijivuna mpaka nikaingia ndani nisionekane.

Sasa usome tena ule ujumbe wa Le Cap. Mchanga mtupu, maji yakimwagwa yanapotea. Wewe uliposoma hapo uliogopa. Mimi nilipousikia nilitaka kupiga makofi, isipokuwa mlidhani nimelala. Hilo si ndilo jambo lako? Ulilimaliza zamani, kwa beseni na suruali ya baba yako. Pale maji yanapokimbia, wewe unatandika chini kwanza. Kule watakuwa na majina yao kwa jambo hilo, na vitabu na mashine, na wewe jifunze yote, andika yote. Lakini wakikuuliza unajua nini, usiinamishe kichwa ukasema majiwe tu. Waambie umelima mahali ambapo udongo wenyewe ulikuwa haupo.

Na baridi yao isikutishe. Hapo mimi na bibi yako tunaweza kukusaidia kidogo, maana mboga wanazopanda majira hayo ni zilezile nilizokua nazo Lubero. Mashu yanapenda baridi. Yanachelewa, wewe unayakasirikia, halafu yanakuwa matamu. Karoti ipande pale itakapokaa, haipendi kuhamishwa. Poaro mama alikuwa akiifukia shingo kidogo kidogo kadiri inavyorefuka, na ndiyo maana zilikuwa nyeupe vile. Maji alimwaga asubuhi, ili majani yasilale na unyevu kwenye baridi ya usiku. Petipua anza kuziwekea vijiti kabla hazijaomba. Haya ndiyo yote niliyotoka nayo kwetu, na ona, nimeyakalia miaka yote hii nikidhani hayana kazi juu ya majiwe.

Kitu kimoja kitakuchanganya. Majira yenu yatakuwa yamegeuka. Kuanzia Juni mimi nitakuwa hapa nikiangalia mbingu isiyo na wingu na kubeba bidoni, na wewe kule utakuwa unanyeshewa, unatafuta njia ya kuyatoa maji kitaluni. Ukinipigia kulalamika kwamba mvua imezidi, nitakata simu.

Ninakuomba pia usiende kuonyesha. Mimi nilimwaga udongo mbele ya nyumba ili uonekane, na unajua ulikoishia. Ukifika, kabla ya kushika jembe, zunguka siku mbili tatu. Tafuta wanapomwaga majivu yao. Angalia ni wapi kitu kinaota bila mtu kukiomba, na uinue gunia uone chini yake kuna nini. Ukiulizwa unatafuta nini, sema mjusi.

Nilikuwa nimesema nina neno moja, na sasa karatasi ya tatu inakwisha. Mama yako amenichungulia tena.

"Weye muzee, unaandikaka kama notaire! Na ile koti?"

Nimemwambia nalitafuta.

Jumatatu nilimpigia kaka yangu. Nilizunguka kwanza, nikauliza habari za ng'ombe, za mvua, za goti lake. Halafu nikamwambia ile bustani ya siku ile haikuwa yangu, ilikuwa ya Kavira, na udongo niliupora. Alicheka mpaka akakohoa. "Mimi nilijua siku ileile," akasema. "Mikono yako ilikuwa safi mno. Ya mtoto ilikuwa na udongo kwenye kucha, hata kikombe alichonipa kilikuwa na alama ya kidole." Miaka kumi na moja, naye hakuniambia neno. Kumbe mlikuwa wawili mnaonisitiri.

Kile kitalu chako cha kwanza, nilichokichota, hukukirudia tena. Umepanda kila kona ya parsele hii isipokuwa pale. Mama yako anageuzia hapo masufuria yake yakauke. Hukuwahi kusema kwa nini, na mimi sikuuliza, kwa sababu nilijua.

Juma hili umeniuliza mara mbili natoka wapi na magoti yenye vumbi. Nilikudanganya kwamba namsaidia fundi kutengeneza chukudu, baiskeli ile ya mbao ya kubebea mizigo. Chukudu ni kweli, fundi hakuwepo. Niliiazima kwa jirani, na kila asubuhi uliyokwenda kukimbizana na karatasi zako, mimi nilikwenda mteremko wa Lac Vert kuleta udongo. Lakini beseni la kwanza sikuliweka kwenye chukudu. Nililibeba kichwani, nilitaka kujua. Kavira, ni zito. Nilipumzika njiani mara tano, mimi mwanaume, na wewe ulikuwa mtoto na ulirudi ukiimba.

Halafu nikapiga magoti nikaziba nyufa jinsi ulivyokuwa ukiziba. Matambara yako ya zamani yalikuwa yameoza yote. Nilihitaji kitambaa kinene, kipana, nikaingia ndani nikafungua kabati. Lile koti lilifaa sana. Mkono mmoja umeingia vizuri kwenye ule ufa mkubwa upande wa mgomba, na mgongo umefunika nyufa tatu. Juu yake nikapanga vijiwe, juu ya vijiwe majivu na maganda, na udongo ukaja mwisho kabisa. Jana ilinyesha mvua ya nguvu, uliisikia. Asubuhi nilikwenda kuangalia kabla hata ya kunawa uso. Udongo uko palepale.

Sijapanda kitu. Sina ruhusa. Miche kumi ya poaro iko ndani ya kopo, kivulini, karibu na hii bidoni niliyokalia. Kesho, kabla gari halijaja, pita huku nyuma uingize mkono wako ndani ya udongo, mpaka kwenye kifundo. Ni wako. Nimeurudisha kwa kuchelewa, na ninakuomba unisamehe. Panda wewe, mimi nitakuletea maji. Kiangazi kikija nitaiangalia kama ulivyonifundisha, na kila Jumapili nitakutumia picha, hata kama poaro zimekauka nitakutumia.

Ukimaliza nawa mikono, lakini kucha usizisugue sana. Nataka wakuone hivyo utakapofika kule.

Halafu twende. Pale kwenye barieri ya mpaka mama yako atanitazama na shati hili, na atauliza tena koti liko wapi. Tafadhali usinisaidie. Safari hii nitasema mwenyewe.

Papa yako